Volti za Butembo

Mkono wa kulia wa Kavira haukuwa na unywele hata mmoja, kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Moto wa tanuri ulikuwa umekula wote. Kila alfajiri, nyuma ya nyumba yao ya Vulamba, alitoa makaa, akapangusa sakafu ya tanuri kwa tambara bichi, kisha akaingiza mkono ule ndani na kuhesabu. Akifika kumi na mbili kabla ya kuutoa, mikate inaingia. Akiutoa kwenye saba, mikate itaungua nje na kubaki mbichi ndani, basi anangoja. Akifika ishirini, anaongeza kuni. Mama yake alimfundisha hivyo huko Lubero, na kwa miaka kumi na minne hakuna mteja aliyemrudishia mkate.

Naanza na mkono huo kwa sababu mume wake aliudharau. Na mume wake, Edmond Kasonia, sitajisumbua kumpamba: alikuwa mwanamume wa maneno mengi na kazi kidogo, na nusu ya Butembo ilimwita injinia.

Injinia wa wapi? Alisoma mwaka mmoja na nusu Kisangani, vita vikaanza, akarudi nyumbani na cheti ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Halafu wafanyabiashara wakaanza kurudi Dubai na kompyuta za mitumba, na hapo Edmond akaona njia. Alikodi chumba kimoja kando ya barabara kule Bulengera, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu MACHINES RAPIDES, yaani mashine za mbio, akanunua miwani ambayo hakuihitaji.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Prosesa, ule moyo wa kompyuta, hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa mwendo wake. Zile za bei nafuu zilikuwa za mia tatu, yaani mapigo milioni mia tatu kwa sekunde. Za matajiri zilikuwa za mia nne na hamsini. Edmond alinunua za mia tatu, akazilazimisha zikimbie mia nne na hamsini. Unabonyeza kitufe mashine inapoamka, unaingia kwenye ukurasa wa bluu, unapandisha mapigo. Ikiganda, unaipa umeme zaidi kidogo: badala ya volti mbili kamili, unaweka mbili na nukta moja. Ikiganda tena, mbili na nukta mbili. Unaendelea hivyo mpaka itulie. Sisemi kwamba ni dhambi. Wapo wanaofanya hivyo kwa akili, wanaopima joto, wanaoongeza feni, wanaojua wapi pa kusimama. Edmond alijua kupandisha tu.

Na hata huko kupandisha, kazi ya kukaa na kuangalia alimwachia mke wake. Kavira akimaliza kuuza mikate aliteremka dukani, akaketi mbele ya kioo cha kompyuta kuanzia saa tatu, akafungua hiki na kufunga kile ili kuona kama mashine itaganda. Edmond alitoka "kuonana na watu". Watu hao walikuwa na meza, viti vinne na dumu la kasiksi, na pombe ile ya ndizi haikuwahi kumwacha arudi kabla ya saa kumi. Kavira ndiye aliyeandika katika daftari la zamani la shule la binti yao Shekinah: kwa mbili na nukta moja imeganda saa tano, kwa mbili na nukta mbili haijaganda mpaka jioni. Edmond akirudi alisoma mstari wa mwisho, akamgeukia mteja.

"Hii niliipima miye mwenyewe," alisema. "Siku mbili. Sikulala."

Hakulala! Mtu aliyekuwa akikoroma mpaka majirani wanagonga ukuta.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa elfu mbili na moja. Butembo mwezi huo ukungu hauondoki mpaka saa nne, na watu wazima wanatembea na makoti kama wagonjwa. Kavira alisikia baridi dukani, akaingiza mbabula ya makaa achemshe chai, akafunga mlango. Mashine iliyokuwa imefanya kazi siku mbili bila kosa ikaganda kabla chai haijachemka.

Mwingine angelaani. Kavira alifungua kifuniko, akaweka mkono wake karibu na vile vipande vyembamba vya aluminiamu vinavyokaa juu ya prosesa, akahesabu. Kwenye tisa akautoa. Akatoa mbabula nje, akafungua mlango, akangoja upepo uzunguke, akahesabu tena. Kumi na nane. Akaiwasha mashine, ikafanya kazi kama kawaida. Akarudisha mbabula. Ikaganda. Alifanya hivyo mara tatu, maana hakuwa mtu wa kusema jambo kwa kubahatisha, akaandika yote katika daftari. Edmond alipoingia na wateja wawili, akamwambia.

"Papa Shekinah, hii masini inasikia joto. Ukiiongezea volti, joto njo linaongezeka. Hapa kwetu baridi njo iko inatusaidia."

Edmond alivua miwani ili acheke vizuri. "Mama, masini haina ngozi. Ikibloquer, ikiganda, iko na njaa, donc unaipatia kula. Joto ni mambo ya mikate."

Wale wateja nao wakacheka, wanaume ambao hawakujua hata kitufe cha kuwashia kiko wapi. Kavira aliona haya. Kisha akaona hasira. Kisha akaona kwamba hasira inampotezea muda, akafunga daftari na kwenda kununua unga.

Siku hizo kila mwenye bunduki ishirini alikuwa na ofisi, na kila mwenye ofisi alitaka kompyuta. Kapiteni Phinées wa Beni alikuwa na zote mbili. Kazi yake ilikuwa kuandika orodha za askari: nani yuko, nani ametoroka, nani apewe maharagwe na nani apewe viatu. Alisikia habari za mashine za mbio, akaja mwenyewe na gari, akachagua ile kubwa kuliko zote. Mashine ilipoamka, namba 450 ikaonekana juu ya kioo, na kapiteni akaipapasa kama ng'ombe aliyemnunua.

Alipoondoka, Kavira alimwambia mume wake jambo moja tu. "Beni kuna joto."

Edmond alihesabu pesa za kapiteni. Na ngoja niseme, maana jambo hili linaniudhi mpaka leo. Beni iko chini, mwendo wa kilomita hamsini na kitu kutoka kwetu, huko kakao inakoiva na siagi inakoyeyuka mezani. Hakuna mtu wa Butembo asiyelijua hilo. Mtoto wa miaka minne analijua. Mtu wa Butembo akishuka Beni, jambo la kwanza ni kuvua koti. Edmond naye alishuka kuifunga mashine ile katika ofisi ya kapiteni, chini ya mabati yasiyo na dari. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mashine, akaiwasha.

Ikaganda saa nne asubuhi. Orodha iliyokuwa ikiandikwa ikapotea yote.

Edmond aliitwa, akashuka kwa kiburi chake, akaifungua alfajiri wakati hewa bado ni baridi, akaongeza volti, akaiona inafanya kazi, akapanda gari kurudi kuonana na watu. Kesho yake, saa nne hiyohiyo, ikaganda. Akaitwa tena. Akaongeza tena, mpaka mbili na nukta tatu. Mara ya tatu askari hawakupata maharagwe siku mbili kwa sababu hapakuwa na orodha, na wawili kati yao walikuja kusimama dirishani kwa kapiteni wakiwa na bunduki begani. Kapiteni Phinées akafikiri kwa njia yake. Hakufikiria joto. Alifikiri kwamba watu wa Butembo wamemletea mashine ya kumharibia, na kwamba adui amewalipa. Akamkamata Edmond na kumtia kasho, yaani mahabusu, katika stoo ya zamani ya kahawa nyuma ya ofisi.

Habari ilimfikia Kavira Jumanne. Aliyeileta ni Vagheni, dereva wa pikapu ya kati ya Butembo na Beni, mteja wake wa mikate.

"Mama Shekinah, bwana yako banamufunga," alisema. "Kapiteni anasema ni sabotage. Anasema masini isipotengenezeka, Ijumaa saa sita bwana yako anapanda camion ya risasi. Banaenda kumubebesha macaisse ku front."

Kila mtu alijua maana yake. Wanaopakiwa kwenye lori lile na kubebeshwa masanduku ya risasi huko porini hawakuwa na orodha yoyote, hata ya maharagwe. Wengi hawakurudi.

Kavira alishikwa na woga, na sitamsema kwa hilo. Edmond alikuwa mjinga, lakini alikuwa mjinga wake, baba wa mtoto wake, na miaka ya mwanzo aliwahi kumchekesha. Usiku ule alikanda unga akilia, machozi yakiingia kwenye donge. Asubuhi alitoa mikate sitini, akamwacha Shekinah kwa dada yake, akapanda kwa Vagheni na daftari kifuani. Mikate ile ilikuwa ya njia. Kila barrière, kizuizi cha barabarani, walitoka vijana wenye bunduki na macho mekundu, na kila barrière Kavira alitoa mikate miwili kabla hawajauliza.

Kapiteni Phinées alimpokea akiwa amesimama, shati limelowa mgongoni.

"Wewe njo muke ya ule muwizi?"

"Niko bibi yake, mon capitaine. Hapana muwizi. Ni mutu ya kichwa nguvu."

"Masini yenu iko inakula maliste yangu. Mara tatu! Unajua nini juu ya ordinateur, weye?"

"Ninajua kupika mikate."

Kapiteni alimkazia macho. "Mama, unanicheka?"

"Hapana, chef. Unipatie leo na kesho. Na unikopeshe tournevis yake, ile bisibisi munamunyanganya."

Sijui ni nini kilichomfanya kapiteni akubali. Labda ni kwa sababu mama yule hakutetemeka. Au labda ni ile mikate, maana alikuwa ameshikilia mmoja na alikuwa ameanza kuula. Alimruhusu kwanza amwone mume wake.

Stoo ya kahawa ilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Uso wa Edmond ukatokea hapo, ndevu zimejaa vumbi la maganda ya kahawa. Kavira alipitisha mkate. Alitaka kumwambia kwamba Shekinah hajambo, kwamba amepita barrière nane peke yake, kwamba ameogopa.

"Sikia," alisema Edmond kabla hajamaliza kumeza. "Nilikosea kidogo. Niliacha ku deux virgule trois, mbili na nukta tatu. Ingia, weka quatre, nukta ine. Iko inaomba."

"Papa Shekinah, haiombi kitu. Iko inaungua."

"Usianze mambo yako ya mikate! Fanya vile minakuambia."

Hakuuliza habari za mtoto. Kavira alingoja kidogo ili ampe nafasi ya kuuliza, kisha akaenda kazini.

Ofisi ilikuwa na dirisha moja linaloangalia jua la alasiri, na chini ya dirisha hilohilo ndipo walipoiweka mashine, imesukumwa hadi ukutani. Juu yake kulikuwa na kitambaa kizito kilichofumwa kwa sindano, chenye maua ya waridi, kazi ya mke wa kapiteni, eti kuzuia vumbi. Ilikuwa imevalishwa blanketi. Kavira aliondoa maua ya waridi, akaiwasha, akaiacha ifanye kazi kidogo, akafungua kifuniko, akaingiza mkono. Moja, mbili, tatu. Kwenye nne akautoa. Mkono wa tanuri, mkono usio na unywele, ulishindwa kufika tano.

Aliingia kwenye ukurasa wa bluu. Alitazama ile mbili na nukta tatu, namba ambayo mume wake alikuwa tayari kuifia, akaishusha mpaka volti mbili kamili. Kisha akarudisha mapigo mpaka mia tatu, mwendo ambao waliounda kile kitu waliupanga wakiwa na akili zao. Akaivuta meza mbali na ukuta na dirisha. Akaomba matofali mawili, akaiinua mashine juu yake ili upepo upite chini. Ndiyo hayo tu. Dawa ya kumwokoa mtu na kifo ilikuwa matofali mawili na unyenyekevu kidogo, na Edmond kwa muda wote huo hakuwa na hata kimoja.

Alhamisi aliketi saa moja asubuhi na kuanza kuandika orodha ya kapiteni. Majina mia tatu na sita, mengine yameandikwa kwa penseli juu ya karatasi za sigara. Kila baada ya majina ishirini alihifadhi. Ilipokaribia saa nne akawa anaandika kwa kidole kimoja huku jicho liko kwenye kioo. Saa nne ikapita. Akaendelea. Saa sita mabati yalianza kulia kwa jua, jasho likamdondokea kwenye herufi, na askari wa mlangoni akaenda kulala chini ya lori. Kavira aliingiza mkono, akahesabu mpaka kumi na nne. Hapo alicheka peke yake, kicheko kifupi. Saa nane, saa tisa. Mashine ilikwenda polepole, ilifungua karatasi kama bibi kizee anayefungua fundo la kitenge, lakini haikusimama. Saa kumi alichapisha kurasa sita, zote.

Kapiteni alizisoma moja moja, akitafuta kosa. Alipolikosa, alikwenda kuizima mashine na kuiwasha tena ili atazame ile namba yake.

"Mbona iko inaandika mia tatu? Minanunua ya mia ine makumi tano. Nilishaambia macolonel!"

"Mon capitaine," alisema Kavira, "unataka namba ama unataka liste?"

Kapiteni alitazama kioo, akatazama zile kurasa sita mkononi. Nje dirishani kulikuwa na askari wanaongoja viatu.

"Liste," alisema, na kusema hivyo kulimuuma. Kisha akaketi. "Donc, ilikuwa joto tu? Bwana yako si adui?"

"Hapana adui, chef."

"Ni mujinga tu."

"Ndiyo, chef."

Alisema ndiyo haraka mno, akajionea aibu kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi walimfungulia Edmond. Alitoka akipepesa macho, akajikung'uta maganda ya kahawa. Kavira alikuwa amesimama pale tangu giza, miguu imemvimba. Alidhani mume wake atamshika mkono. Hata asante hakuitarajia sana, lakini mkono aliutarajia.

"Umeweka ngapi?" aliuliza Edmond.

"Mia tatu."

"Mia tatu." Alisimama kama mtu aliyepigwa. "Mama, umeniua. Kapiteni ataambia batu bote, Kasonia anauzisha masini ya mia tatu. Butembo nzima itajua."

"Ulikuwa unapanda camion leo saa sita."

"Ningetengeneza. Ilibaki kidogo."

Walikwenda mpaka kwenye maegesho. Pikapu ya Vagheni ilikuwa ya kuondoka saa tatu. Walipofika, Edmond alijipapasa mifukoni, akasema amesahau tournevis yake ofisini, na kwamba si adabu kuondoka bila kumuaga kapiteni. Kavira alikuwa amechoka, akamwacha aende. Aliketi juu ya gunia la kabichi na kula mkate wake wa kwanza tangu jana.

Edmond alirudi saa mbili na robo, anatabasamu mpaka magego, miwani imerudi usoni.

"Nimerekebisha," alisema.

Kavira aliacha kutafuna. "Umerekebisha nini?"

"Mia ine makumi tano. Volti deux virgule quatre, mbili na nukta ine. Kapiteni mwenyewe ameona, amefurahi, amenishika mukono. Iko inakimbia, mama! Colonel moja anakuja saa ine kuiona. Pengine banataka zingine mbili."

Hewa ya Beni bado ilikuwa baridi wakati ule. Umande ulikuwa haujakauka kwenye kabichi. Bila shaka ilikuwa inakimbia.

"Turudi," alisema Kavira. "Turudi sasa hivi tuishushe. Saa ine itabloquer mbele ya colonel. Camion iko inapakia, nimeiona. Papa Shekinah, ninakuomba."

Alimshika mkono wa shati. Edmond aliutazama mkono ule ulioshika, ule usio na unywele, akautoa kidole kimoja baada ya kingine, kwa upole, kama anavyotolewa mtoto.

"Rudi ku mikate yako," alisema. "Miye minabaki. Colonel akija, lazima injinia akuwe pale."

Akaondoka, akipita katikati ya akina mama wa vitunguu kwa mwendo wa mtu anayetazamwa. Kavira alisimama. Angeweza kumpita mbio, kwenda ofisini, kumpigia kapiteni magoti. Alichukua hatua nne. Kisha akakumbuka wale wateja wawili wakicheka, na lile tundu la ukubwa wa sahani ambako jina la Shekinah halikutajwa, na miguu ikakataa. Mimi simtetei. Nasema tu kwamba miguu ilikataa.

Vagheni alikuwa anapanga abiria. "Mama Shekinah, ni nafasi mbili?"

"Moja," alisema Kavira.

Gari liliondoka saa tatu na dakika chache. Ilipofika saa nne walikuwa wanapanda milima ya kwetu, na abiria walianza kutoa makoti yao kwenye mifuko. Kavira alilia njia yote, bila kujificha.

Miezi mitano ikapita. Kila Jumatano alimtuma Vagheni akaulize Beni, na kila mara jibu lilikuwa hilohilo: mashine iliganda saa nne, lori likamchukua, na hakuna aliyerudi. Alimlilia Edmond kama anavyoliliwa marehemu. Alijilaumu kwa zile hatua nne ambazo hazikuwa tano. Lakini unga ulihitaji kukandwa, na kodi ya chumba cha Bulengera haikujua kulia, basi alifungua duka. Alichukua rangi nyeupe akafuta RAPIDES mlangoni, ikabaki MACHINES. Wale wote waliouziwa mbio na mume wake, hata wa Beni, walimletea kompyuta zao zilizoganda, naye akazishusha moja moja mpaka volti mbili, akawaonyesha mahali pa kuweka matofali. Hakuna aliyerudi na mashine yake mara ya pili.

Edmond alirudi Jumapili moja, saa ambayo watu wanatoka kanisani. Shingo ilikuwa imepinda upande mmoja kwa sababu ya masanduku, na alitembea peku. Shekinah hakumtambua, alikimbilia ndani. Kavira alimtambua kwa mbali, akamwogesha kama mtoto mchanga, akampa chai na mikate mitatu. Edmond alikula bila kuinua uso. Kavira alimtazama akila na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Alijiambia kwamba mateso yamemfundisha, na kwamba sasa wataanza upya.

Alipomaliza, Edmond alijifuta mdomo, akamwinamia mke wake kama mtu mwenye siri.

"Nilifikiri sana kule porini," alisema. "Usiku na muchana. Minajua sasa tulikosea wapi."

"Wapi?" aliuliza Kavira, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya wake.

"Ilibaki kidogo tu. Deux virgule cinq, mbili na nukta tano. Ingetulia."

Kavira aliuondoa mkono. Nyuma ya nyumba tanuri lilikuwa linamngoja, maana siku ile alikuwa na mikate ya harusi. Alikwenda, akaingiza mkono, akahesabu mpaka kumi na mbili, akamwita mume wake alete trei.